Pampu Iliyopumzishwa Ijumaa

Kila Ijumaa jioni mtambo ulikufa, na kila Jumamosi jioni ukafufuka. Nilikuwa nikiutazama kwenye skrini ya ofisi yetu Nairobi, kwa kuwa mimi ni mhandisi wa mifumo ya udhibiti: ndimi niliyeandika maagizo yanayoiambia pampu ya majitaka lini iamke na lini ilale. Naiamini kazi hii kwa dhati. Naamini kwamba nchi hupimwa kwa namna inavyokitendea kinyesi chake, na nimelisema hilo hata katika harusi ya dada yangu. Mkubwa wangu, Bi. Wairimu, alishuku panya wanaotafuna nyaya. Nilimjibu kwamba sijapata kumwona panya anayefuata kalenda. Akanipa funguo za gari la ofisi.

Kebirigo, njiani kwenda kituoni, Alhamisi alasiri. Barabara ilipita katikati ya chai iliyokatwa sawasawa kama nywele za wanafunzi wa bweni. Nilisimama kununua ndizi, na mama aliyekuwa akiziuza akaniuliza ninafanya kazi gani.

"Nasafisha majitaka kwa kompyuta," nilisema kwa fahari.

"Kwani kwa mkono ilikushinda?"

Nililipa nikaondoka.

Kituoni, Ijumaa asubuhi. Mji wenyewe sitautaja. Hakuna mji unaopenda kujulikana kwa majitaka yake. Mwendeshaji wa kituo, Mzee Ombati, ambaye pia ni mzee wa kanisa la Wasabato, alinipokea langoni kwa salamu ya kwao.

"Bwakire, injinia. Umekuja kuona mtoto wako?"

"Nimesikia anazimia, Mzee."

"Huyo? Huyo ni mzima kukushinda."

Nilishinda nikipima. Nyaya zilikuwa salama, vitambuzi vya kina cha maji vilisoma sawasawa, panya hakuonekana. Wakati wa chai mzee aliniambia kwamba mjukuu wake, Kwamboka, angebatizwa kesho yake katika bwawa la mto ulio chini ya ua wa kituo. Nilialikwa kwa ubatizo na kwa chakula. Nilikubali vyote viwili, hasa cha pili.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya migomba, Mzee Ombati alinawa mikono, akavaa koti, akafungua paneli na kuteremsha swichi kuu. Pampu ikanyamaza. Kisha akaifunika paneli kwa leso safi, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimeipumzisha. Sabato inaingia."

"Lakini hii ni mashine."

"Ng'ombe pia si mtu," alisema kwa upole, "na amri inasema apumzike. Hii inafanya kazi kuliko ng'ombe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa radi, kutu na wezi wa nyaya. Theolojia haikufundishwa katika idara yetu.

"Na majitaka je?"

"Pampu ikilala, nayo inalala."

"Hayalali, Mzee. Majitaka hayana dini. Wakatoliki wa mji huu wataenda choo kesho kama kawaida."

Alifikiri kidogo. "Hata sisi tunaenda," alikiri.

Nikamweleza kwamba shimo la kukusanyia hujaa usiku, na kufikia asubuhi bomba la dharura humwaga kila kitu mtoni. Nikiwa katikati ya maelezo nilikumbuka bomba hilo linatokea wapi. Linatokea juu kidogo ya bwawa la ubatizo. Nilipomwambia, alitikisa kichwa, asiamini. Nikamwomba tushuke pamoja.

Mtoni. Mawe yaliyo chini ya mdomo wa bomba yalikuwa yamevaa utando wa kijivu, na kitambaa ambacho sitakieleza kilining'inia kwenye tawi. Hatua chache chini yake palikuwa na jiwe pana ambapo mchungaji husimama. Mzee aliinama, akagusa utando, akanusa vidole. Mtu wa kazi yetu hahitaji maabara.

"Tumeendelea kubatizia hapa tangu mashine ikuje," alisema. Akafuta vidole kwenye jani, akaniuliza, "Injinia, wale tulizamisha hapa, ubatizo wao uko sawa?"

"Sijui, Mzee. Hilo si la idara yangu."

"Hiyo ni ya Mungu. Lakini kuhara ni yangu."

Jua lilikuwa limegusa kilima. Nikamwambia nitaiwasha mimi, na dhambi iwe yangu.

"Hapana. Wewe ni mgeni ndani ya malango yangu. Amri imekutaja pia."

Akageuka na kuupanda mteremko, magoti yake ya kizee yakiniacha nyuma. Nilipofika alikuwa ameshaikunja leso na kufumba macho. Katika maombi yake nilisikia neno "ng'ombe" na neno "shimo" tu. Akapandisha swichi. Pampu ikakohoa, ikanguruma.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni hutolewa hata siku ya Sabato," aliniambia. "Yesu mwenyewe aliwaambia Mafarisayo. Na huyu ametumbukia kabisa."

Jumamosi asubuhi. Nyimbo zilipotua, pampu ilisikika kule juu, ikifanya kazi bila aibu. Kwamboka aliingia majini akiwa na kanzu nyeupe, akazamishwa, akainuka akifuta macho. Kila mtu alimtazama yeye. Babu yake alitazama mdomo wa bomba. Ulikuwa mkavu. Ndipo naye akaanza kuimba.

Nairobi, Jumatatu. Kwenye skrini mstari wa pampu ulikuwa umepita Jumamosi nzima bila kukatika. Nilimweleza Bi. Wairimu kwamba nilikuwa nimeuchora mfumo ule kana kwamba hakuna mtu kituoni. Niliuliza kuhusu mvua, mteremko na umeme. Sikumuuliza mwenye kushika swichi jambo lolote. Nikamwomba kwamba kabla ya mtambo mwingine, tuanze na watu.

"Kwa hiyo tutauliza majitaka yanasali wapi?"

"Wanaoyachunga," nikasema. "Na siku gani."