Movie ya suspense niliimaliza, katuni ya chura ndiyo iliyonimaliza

Wakuu, habari za huko. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Kyuso juzi, sijaongeza chumvi.

Rafiki yangu alinijazia movie mbili kwenye flash disk.

Ya kwanza suspense. Mwanamke amejificha chini ya sakafu, anayemtafuta anatembea juu yake. Akikohoa, amekwisha. Mimi na mke wangu tuliitazama tumeshikana mikono, na nikawa nasema huyu mama si apige tu nduru watu waje. Movie kali sana.

Ya pili katuni. Hiyo sikuitazama, katuni ni katuni. Nilimwekea binti yangu Mwende, miaka mitano, nikatoka nje kupura ndengu.

Kurudi ndani, mtoto hayuko. Laptop inacheza yenyewe: chura yuko kisimani, anamjibu mtoto anayemwita.

Nikatoka mbio. Nikafuata nyayo zake hadi mtoni.

Kwa wasiojua huku kwetu, kiangazi mto hukauka, tunachimba mashimo mchangani kupata maji. Letu sasa linanipita kimo, na ukingo wake huporomoka ukikanyagwa vibaya.

Nilimkuta amelala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo.

"Chura, toka basi. Nimekuletea ugali."

Wakuu, niliogopa sana. Nikikimbia, mchanga unaanguka. Nikipiga kelele, anashtuka anaingia. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama wa chini ya sakafu.

Nikachuchumaa mbali, nikatoa sauti nzito, ile niliyodhani chura angekuwa nayo: "Mwende, nimekusikia. Rudi nyuma polepole. Usisimame."

"Sawa, chura."

Akatambaa kinyumenyume. Nilipomkumbatia, ule ugali aliouacha ukingoni ulikuwa umeshaporomoka shimoni pamoja na mchanga. Nililia, yeye akaniuliza nalia nini.

Funzo nimelipata: katuni itazame wewe kwanza. Shimo nalo tumelizungushia miiba.

Lakini usingizi bado siupati. Mwanzoni Mwende alikuwa anajaribu tu. Sasa anajua chura hujibu.

Leo asubuhi amebakisha kipande cha ugali kwenye sahani. Nimemuuliza ni cha nani, akacheka tu.

Wazazi mlio humu, mngemwambia nini huyu mtoto? Nawasoma.