Gari Nililoliogesha Ziwani Makoko

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila ninapomwona fundi kijana anachomeka mashine ya kupimia magari, kisha anatoa hukumu kabla hata ya kuinama. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimerudi Musoma kutoka mafunzoni, nina mashine yangu mkononi, ya pekee katika gereji yetu, na kichwa kimevimba. Magari ya otomatiki ndiyo kwanza yalikuwa yanazagaa, mafundi wakubwa wanayaogopa, mimi nikajiona daktari bingwa. Usicheke. Ungekuwa wewe ungevimba zaidi.

Basi akaja Baba Wambura, mkulima wa Butiama, na gari lake la Noah. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemrekebishia breki. Safari hii alilalamika kwamba gari likiondoka ni zito, na likishika mwendo halibadilishi gia, limeng'ang'ania ileile moja. Nikachomeka mashine. Ikatoa namba ya hitilafu, na maelezo yake yakasema umeme wa solenoidi una kasoro. Solenoidi ni kile kivalvu cha umeme ndani ya giaboksi kinachofungulia mafuta yapite ili gia ibadilike. Mimi nikalisoma neno solenoidi, neno umeme nikaliruka.

"Giaboksi imekufa, Baba Wambura," nikamwambia. "Tafuta nyingine ya mtumba."

Mzee wa watu hakubisha. Mashine imesema, nani abishe? Zizini alikuwa na ng'ombe wawili waliotengwa kumalizia mahari ya mwanawe Wambura, na wakwe waliwasubiri Jumamosi ile. Kesho yake alfajiri Wambura mwenyewe akawaswaga kuelekea mnadani Bunda. Kijana anakwenda kuuza ng'ombe wa harusi yake ili gari la baba litembee, kwa neno langu tu. Hilo likinijia mpaka leo nakosa raha.

Asubuhi hiyo nilikuwa chini ya gari, nimeshalegeza boliti za kwanza, Baba Wambura ameketi juu ya tairi kuukuu. Ndipo Mzee Magesa, mwenye gereji, akarudi kutoka Murangi alikokwenda kutengeneza injini ya mtumbwi. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwonyesha ile namba kwa majivuno.

"Hiyo namba imekuonyesha nyumba yenye mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe umemwona?" akasema. "Na wiki ile gari hii ilikuwaga wapi?"

Moyo ukanilipuka, maana nilijua. Nilipomaliza breki nilitaka kumfurahisha mteja, nikalipeleka gari Makoko kuliogesha ziwani, kama tulivyozoea vijana wote wa gereji. Unaliingiza majini kinyumenyume mpaka maji yanagusa milango, unasugua kwa sabuni, unasuuza kwa ndoo. (Na ziwa tulilichafua pia, Mungu atusamehe.) Nami nililiingiza likiwa bado la moto, limetoka barabarani, na chuma cha moto kikipoa ghafla hufyonza maji ndani.

Mwanangu, nilitamani kusema sijui. Ningesema hivyo, giaboksi ingeshushwa, ng'ombe wangeuzwa, na hakuna ambaye angelijua kosa langu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuwa cha harusi ya mtu mwingine. Baba Wambura alikuwa palepale anasikiliza. Nikasema, "Nililiogesha ziwani, mzee. Maji yalifika milangoni."

Mzee Magesa hakunigombeza. Alinipa tochi. "Rudi chini. Chomoa plagi ya waya pale ubavuni mwa giaboksi. Usiguse kitu kingine."

Nikaichomoa. Maji yakanidondokea usoni, na pini za ndani zilikuwa zimeanza kuota kutu ya kijani. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa! Tukazisafisha, tukazipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka zikakauka, tukapima kama umeme unafika, tukafuta ile namba, tukakaza boliti zangu za aibu. Kisha sisi watatu tukalipeleka gari barabara ya Mugango. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote laini. Tukasimama, mashine ikachomekwa tena: hakuna namba. Nililia kwa furaha, wala sikujificha.

Baba Wambura alikuwa tayari na simu sikioni. "Wambura! Umefika? Bado? Basi rudi, rudi na ng'ombe wako!" Akanigeukia, nikajua leo nitakiona cha mtema kuni. Akasema tu, "Wewe kijana, ungenyamaza ningeuza ng'ombe na bado ningekuaga kwa asante." Halafu akaangua kicheko, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Jumamosi ng'ombe walifika kwa wakwe.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: namba ya mashine ni mwanzo wa kuuliza, si mwisho. Isome yote, neno kwa neno. Muulize mwenye gari lilipita wapi na lilifanywa nini, na anza na waya na plagi kabla ya kushusha chuma. Haraka haraka haina baraka. Na jibu likiwa ni kosa lako mwenyewe, liseme mteja akisikia, hata ulimi ukiwa mzito. Aibu yangu ilikuwa ya asubuhi moja. Wambura sasa ana wajukuu.

Mungu aibariki mikono yako, akupe moyo wa kusema kweli mapema. Na kila atakayekuachia ufunguo wake, aende zake na amani.