Mlinzi wa Lundo la Kokoto

Mjomba wangu alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, na minane ya mwisho aliitumia kulinda mawe ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuyaiba. Walimwita Chokaa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili, kwa karani wa masijala.

Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa njia. Kila asubuhi alitembea kilomita nane juu ya mataruma yanayobeba reli, nyundo begani, akigonga reli na kusikiliza. Alijua palipolegea kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kazi hiyo aliipenda kimyakimya, na nadhani ndiyo sababu hawakuona tabu kumwondoa.

Ugomvi ulianza kwa pete. Mkandarasi alileta kokoto za kujaza chini ya reli, akazimwaga pembeni mwa stesheni, lundo refu kama nyumba tatu zilizopangana. Mhandisi wa shirika la reli akaja na pete ya chuma ya kupimia: jiwe likipita linafaa, likikwama halifai. Mengi yakakwama. Mkandarasi akaja na pete yake, yakapita yote. Pete mbili zilipowekwa pamoja, ya mkandarasi ilizidi kwa unene wa ukucha. Badala ya kutafuta pete ya tatu, wakatafuta mawakili.

Baraza la usuluhishi likaamuru lundo lisiguswe, kwa kuwa sasa ni kielelezo. Likapakwa chokaa juu hadi chini, ili jiwe likichukuliwa pabaki doa, na mjomba akaketishwa kwenye kibanda cha mabati alitazame. Kila mwaka mvua iliosha chokaa. Kila mwaka akapaka upya.

"Mke mwenzangu anapakwa poda kila masika," mkewe aliwaambia majirani. "Mimi mwenye ndoa hata mafuta ya kujipaka mpaka nikumbushe."

"Mwenzio hasemi ovyo," mjomba akajibu.

Mwaka wa sita, kona ya reli iliyo juu ya mto, hatua mia mbili kutoka kwenye lundo, ilianza kuzama. Mawe ya zamani yalikuwa yamemezwa na tope, na mataruma yakawa yanapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa kila treni ilipopita. Mjomba akaandika barua. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika ya pili. Akajibiwa kwamba kokoto zitapatikana mara tu kesi ya kokoto itakapokwisha. Ya tatu ikajibiwa kwa kibao kilichoandikwa PUNGUZA MWENDO, bila nguzo ya kukisimamishia.

Mwezi uliofuata treni ya abiria iliinama pale konani hata kina mama waliokaa upande wa kushoto wakajikuta mapajani mwa wanaume wa upande wa kulia. Stesheni nzima ilicheka. Mjomba hakucheka.

"Mvua kubwa moja tu," alimwambia mkewe, "na wale watu wataamkia mtoni."

"Si una mawe pale?"

"Nikigusa moja nafukuzwa. Imeandikwa."

"Basi gusa ya nyuma. Wakubwa hawazunguki nyuma ya kitu, baba."

Walibeba siku kumi na moja, yeye kwa toroli, mkewe kwa karai kichwani. "Leo namnyoa mwenzangu," mama yule alisema, na akasema hivyo siku zote kumi na moja. Wakayashindilia mawe chini ya mataruma kwa mtaimbo, wakapaka chokaa pale walipochimba. Reli ikatulia. Kwa mbele lundo lilikuwa bibi harusi. Kwa nyuma halikuwa na mgongo.

Mwaka wa nane baraza likaja kuona kielelezo kwa macho: wasuluhishi watatu, mhandisi, na mawakili wa pande mbili. Walikuja kwa gari, lakini mvua ikakata barabara nyuma yao, ikawa watarudi kwa treni ya saa nane mchana. Wakasimama mbele ya lundo kama watu waliofika msibani. Wakalisifu kwa kutunzwa vizuri. Ndipo mwenyekiti akazunguka nyuma kwa haja ndogo, akarudi kabla hajaimaliza.

"Mzee, mawe yako wapi?"

"Yako chini ya reli, mheshimiwa. Pale konani."

Wakili wa mkandarasi nusura aruke. "Wameyatumia! Huwezi kusema chakula kibovu huku unalamba sahani. Wameyapokea, kesi imekwisha!"

"Haijakwisha," alisema wakili wa shirika, akamgeukia mjomba. "Unajua ulichotufanyia, wewe mzee? Toa kila jiwe lirudi lilipokuwa. Leo hii!"

Mjomba akavua kofia. "Sawa, bosi. Niyatoe kabla treni yenu haijapita, au baada?"

Msuluhishi mmoja aliyekuwa akijipepea kwa faili aliacha. Wakili wa shirika akatazama saa yake.

"Baada."

"Nyuma ya yenu kuna ya saa kumi na moja, ya akina sisi. Basi naomba uniandikie, bosi. Kwamba niyatoe, na nani kaamuru."

Kalamu ikatolewa. Wakili akampa mhandisi, maana mambo ya njia ni ya kitaalamu. Mhandisi akampa mwenyekiti, maana kielelezo ni cha baraza. Mwenyekiti akaishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto aliyelowa, akamrudishia wakili, naye akaichomeka mfukoni na kusema ataandika akifika ofisini.

Nimeifikiria sana kalamu ile. Miaka minane walikuwa wameandika kurasa za kujaza makabati, na mchana ule sentensi moja iliwashinda. Mjomba amestaafu, kesi inaendelea, barua haijafika.

Treni ilipokaribia kuondoka, alitangulia konani na bendera yake ya kijani. Behewa la daraja la kwanza likampita taratibu. Dirishani wakili wa shirika alimnyooshea kidole: utanitambua. Mjomba anasema uso wake hata hakuuangalia. Alikitazama kile kidole, tangu kona ilipoanza mpaka ilipokwisha. Hakikutikisika.