Mama Pasi na Uyoga wa Rafu ya Juu

Mama mkwe wangu ni dobi. Nasema ni, si alikuwa, ingawa mgongo ulimstaafisha kabla hajataka, kwa sababu mpaka leo ukimsogelea na kola iliyojikunja atakuvua shati mbele za watu alinyooshe. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Wanawe wote wamesoma kwa pasi ya mkaa, na mume wangu ndiye kitinda mimba. Akiona doa, halali.

Sasa mwanamke kama huyo umletee mkaza mwana anayelima uyoga ndani ya nyumba! Patashika nguo kuchanika. Nalima chumba cha nyuma. Nachemsha mabua yaliyokatwakatwa, nayachanganya na mbegu, nayashindilia kwenye mifuko ya plastiki na kuipanga kwenye rafu gizani. Baada ya wiki kadhaa mfuko mzima hufunikwa na utando mweupe pepepe, na hapo ndipo mkulima anapochekelea, maana uyoga u karibu kuchomoza. Mama alichungulia mara moja tu, akashika kiuno.

"Wewe binti, mwanangu unamlaza na ukungu?"

"Mama, huo si ukungu, ni mboga inakuja."

"Mboga gani inaota kwenye takataka?"

Mdomo wangu nao haujui kutulia, basi tukawa tunatupiana hivyo kila siku, na nikiri tulikuwa tunafurahia.

Mwaka huu homa ikamshika. Ikaondoka, lakini iliondoka na hamu yake ya kula. Kila kitu mdomoni kikawa hakina ladha, na harufu ya nyama ikimfikia tu anageuza uso ukutani. Uji vijiko viwili, basi. Akawa hatoki kitandani bila kushikwa mkono. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja asiyezunguka mbuyu, akatuambia waziwazi: asipoanza kula, tena chakula chenye protini, Jumatatu alazwe alishwe kwa mpira wa puani.

Mama alisikia. Akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mpira hapana. Niacheni niende zangu."

Kesho yake akaanza kugawa vitu. Mitandio kwa wifi yangu. Pasi kwa jirani. Jamani, Mama Pasi kugawa pasi! Mume wangu alitoka kwenda uani akajifanya anatengeneza baiskeli isiyo na hitilafu yoyote. Mimi nilikasirika, haki ya Mungu, nilimkasirikia Mama mwenyewe kwa kutuaga ilhali bado tunamhitaji.

Nikakimbilia zahanati. "Dada, na uyoga je? Naulima nyumbani."

Muuguzi akajipiga paja. "Una uyoga ndani na unakuja kulia kwangu? Haya, nisikilize. Si dawa, vidonge vyake asiache. Wala usimwokotee wa porini, watu wanakufa. Lakini huo wako mpe! Una protini, una nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, una vitamini B na potasiamu, na mafuta yake kiduchu. Tena ni laini, na mchuzi wake una ladha ya supu ya nyama bila ile harufu inayomchefua. Ukishaukata uanike juani kidogo kabla ya kupika, utaongeza vitamini D."

Nilirudi mbio, viatu mkononi. Mifuko yangu ilikuwa imeshakuwa myeupe yote! Siku chache tu na tungevuna. Nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Lo! Dirisha wazi, jua limejaa ndani. Mifuko imechanwa, mabua yameloweshwa kwenye beseni la dawa ya kutoa madoa. Na katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mama amekaa anahema, mikono ya gauni ameikunja.

"Nimekusafishia," akasema. "Siwezi kuondoka nikamwachia mwanangu nyumba yenye ukungu."

"Mama! Umeua chakula chako! Chakula chako mwenyewe!" Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja mbio na spana mkononi. "Tazama! Tazama mama yako alichofanya!"

Hakuitazama mifuko hata kidogo. "Mama," akauliza, "umefikaje huku?"

Nikafunga mdomo. Kweli, alifikaje? Mtu wa kushikwa mkono amevuka ukumbi, amebeba beseni, amechana mifuko. Hasira zote zikaniishia nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, naye Mama akaniangalia kama mtu anayeangalia mwehu.

"Ile ya rafu ya juu sikuifikia," akasema kwa aibu.

Ile ya rafu ya juu! Nilifunga dirisha, nikaining'inizia pazia, nikainyunyizia maji asubuhi na jioni, na sioni haya kusema niliibembeleza. Ota mwanangu, ota. Jumamosi vikachomoza vichwa. Jumapili vilikuwa vimefunguka, vikubwa kama masikio.

Nikakata, nikaanika juani, nikautia kwenye kikaango cha moto bila mafuta. Uyoga wenyewe hutoa maji, na wapo wanaoyamwaga! Usiyamwage, utamu na vitamini zimo humo. Nikaongeza kitunguu, nyanya, mafuta kidogo na chumvi, nikampelekea.

Kijiko cha kwanza. Cha pili. Mume wangu alikuwa amenishika mkono mpaka unauma. Mama akatafuna polepole, macho yamemtoka.

"Hiki kina ladha," akasema. "Mbona kina ladha?"

Akamaliza bakuli, akapangusa mchuzi kwa mkate. Jioni akala tena, na mkate mwingine. Jumatatu muuguzi alimsikiliza, akampima, akasema mpira tuuweke kando kwanza, aendelee hivyohivyo na wiki ijayo arudi.

Tulitoka zahanati taratibu, Mama katikati yetu. Alikuwa akitembea akitazama chini, nikadhani amechoka.

"Ile mifuko niliyoiosha," akauliza, "itaota tena?"

"Hapana, Mama. Ile imekufa."

"Na tukishindilia mingine leo, tutavuna lini?"

Nilisita kumjibu. Mtu aliyekuwa ameshatugawia mitandio yake, unamwambiaje habari za mbali? Lakini sikutaka kumdanganya. "Si chini ya mwezi, Mama. Pengine mwezi na zaidi."

Akapiga hatua kadhaa akifikiri.

"Basi tushindilie leo," akasema. "Nitangoja."

Nilipiga kigelegele palepale barabarani, watu wakageuka, na sikujali.