Maboga ya Wifi Yangu

Mwenzenu nilikuwaga na kijicho, sifichi. Na si kijicho cha nyumba wala vitenge. Cha maboga.

Boga la futari ya mfungo wa kwanza, lile la kupikwa kwa nazi nyumbani kwa mama mkwe, lilikuwa langu. Miaka sita nalitoa bustanini kwangu, bondeni huku Mbagala. Mama mkwe akionja tu anasema, "Mkono wa mkwe wangu huu," na ukoo mzima unasikia. Mie sijajaaliwa mtoto. Katika nyumba ile, boga ndilo lililokuwa linanisemea.

Kisha wifi yangu, dada wa mume wangu, akahamia kutoka Lindi, akapewa matuta yanayopakana na yangu. Loh, bustani gani ile! Kunde zimepanda juu ya mahindi, choroko chini yake, mgagani umejiotea tu, na mpakani kaacha magugu yachanue kama mtu asiye na jembe. Kwangu huoni jani lisilo na kazi, na mwaka ule nilikuwa nimeanza kubeba bomba mgongoni kila wiki asubuhi, napiga dawa ya wadudu. Nilimcheka hadharani.

Mwaka ule maboga yangu yalichanua vizuri, lakini karibu kila kitoto kikitokeza kinageuka njano, kinadondoka. Yake yakazaa mpaka yanaziba njia. Boga la futari likatoka kwake. Mama mkwe akaonja, akasema, "Damu yangu hii." Roho iliniuma, nikasingizia kichwa nikaenda kulala.

Baadaye wifi akaja kunieleza, kwa upole kabisa. "Wifi, punguza dawa. Nyuki ndio wanaotoa unga kwenye ua dume wakaupeleka kwenye ua jike. Bila wao boga halishiki. Yale magugu nawaachia makusudi, wapate chakula maboga yasipochanua. Na wale wadudu wekundu wenye madoadoa ndio wanaokula vidukari, vile vidudu vinavyofyonza kunde."

Nilimwelewa vizuri sana. Ndivyo nilivyojua pa kumpiga.

Msimu uliofuata, maboga yalipoanza kuchanua, nikajaza bomba, nikayapiga magugu yake yote mpaka yakachuruzika. Kesho yake nyuki walitapakaa chini, wengine bado wanachezesha miguu. Wifi alichuchumaa, akaokota wachache akawaweka kiganjani.

"Nani kafanya hivi jamani?"

"Watu wana roho ya korosho, wifi," nikamjibu. Mdomo wangu huu huu.

Haikupita wiki mbili kunde zake zikajaa vidukari, na vitoto vya maboga vikaanza kudondoka kama vyangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikatazama kwangu: hata kimoja hakikushika. Mwaka uliopita nilikuwa nimeambulia viwili vitatu, na kumbe hivyo navyo nililetewa na nyuki wa magugu yale. Nikakaa juu ya tuta nikalia, maana boga la futari nilikuwa nimelikosesha bustani zote mbili.

Wifi alinikuta hapo. Kesho yake alfajiri alikuja na maua dume machache yaliyokuwa yamebaki kwake, akayavua majani yake ya njano, akaanza kuyasugua kwenye maua jike yangu, moja moja, taratibu.

"Anza na ya kwako basi," nikamwambia.

"Ya kwako ndiyo yanayongojewa na mama. Unafikiri sioni?"

Alipomaliza, jua lilishapanda na maua ya kwake yalishajifunga. Akasema atajaribu kesho, ila unga ulikuwa umekwisha, na ua la boga halingoji kesho.

Kwangu yalishika manne. Mfungo wa kwanza nikabeba kubwa kuliko yote. Mama mkwe akaonja, akafumba macho, akasema, "Mkono wa mkwe wangu umerudi." Wifi ndiye aliyepiga kigelegele, mikono mitupu, hana hata tonge lililotoka kwake.

Akanisogezea bakuli. "Kula, wifi. La kwako hili."

Nikala. Sikumwambia siku ile, na sijamwambia mpaka leo. Na badala ya kuona haya, nilimwonea wivu upya, wa moyo ule aliopewa yeye nikanyimwa mie, na huo wivu haujanitoka.