Mishipa ya Ijumaa

Siku ya kwanza nilipofika machinjioni Kisumu, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nilimwendea mchinjaji mkuu nikapaza sauti ili kushinda kelele za ng'ombe: "Mzee, nina shida ya mshipa!"

Wanaume wote wakaacha kazi. Mzee alinitazama kwa huruma, akakifuta kisu chake, akanishika mkono na kunipeleka nyuma ya ukuta.

"Kijana, mambo haya hayasemwi mbele za watu. Umeanza kuvimba lini?"

Kiswahili changu nilikuwa nimekipata shuleni, juu ya Kijaluo cha nyumbani. Yeye, babu zake walitoka pwani, na kwao mwanamume mwenye shida ya mshipa ana ngiri, ule uvimbe wa kinenani. Ilinichukua muda kumweleza kwamba mimi ni mzima, kwamba nafanya kazi katika maabara ndogo mjini, na kwamba ninachotaka ni mshipa wa mbuzi, ule mkubwa unaotoka moyoni.

"Ule? Hata mbwa wa mtaani kwetu Kaloleni wanauacha," alisema. Lakini alikubali.

Kuanzia hapo, kila asubuhi nilipanda baiskeli na chupa ya chai niliyoiandika SI CHAI kwa rangi nyekundu, ndani yake maji baridi ya chumvi. Mzee alinitumbukizia mshipa wa siku hiyo, nami nikakanyaga mbio hadi kazini. Huko nilikata kipande, nikakitundika kwa uzi ndani ya gilasi ya maji ya chumvi yenye joto la mwili. Uzi ulivuta kijiti, na kijiti kilichora mstari kwenye karatasi yenye masizi iliyozunguka polepole. Nikitia chumvi ya potasiamu, mshipa ulijikunja kama jongoo aliyeguswa, na mstari ukapanda. Niliweza kuutazama mchana kutwa, nikasahau kula.

Maabarani tuliamini kwamba kila seli ya mshipa ina vilango vidogo vya kupitishia chumvi, na kwamba kufunguka na kufungwa kwa vilango hivyo ndiko kunakoamua mshipa ubane au ulegee. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameviona. Nilikisia tu kutokana na mstari ule.

Sasa, kulikuwa na dawa moja ambayo, kwa hesabu zangu, ilipaswa kuubana mshipa. Jumatatu iliubana. Jumanne hadi Alhamisi pia. Ijumaa mshipa ukalegea kama mlevi. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha maji, nikaosha gilasi mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa iliyofuata, ukalegea tena. Baada ya majuma kadhaa niliandika daftarini, kwa herufi ndogo za aibu: Ijumaa ina nini?

Nilimwuliza Mzee.

"Ijumaa ni siku ya baraka," alijibu. "Hata mbuzi anajua."

Mkubwa wangu wa kazi, mtu asiyejua mzaha, alilisoma daftari akaniambia hakuniajiri nichunguze kalenda.

Jumatano moja nilifika machinjioni mapema kuliko kawaida. Nikamkuta Mzee amekaa juu ya ndoo, kidole kimezungushiwa kitambaa, anausugua mshipa wangu kwa ndani, taratibu, kama mtu anayeng'arisha bilauri ya mgeni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nakutengenezea. Siwezi kumpa daktari kitu kichafu."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa nafanya kazi haraka niwahi msikitini."

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Fumbo limefumbuka! Mishipa ya Ijumaa ilikuwa michafu tu, ndiyo maana ilinichezea. Nikamwomba Mzee, kwa heshima zote, aisafishe hata Ijumaa. Akaisafisha. Mistari yangu ikapanda kila siku, mkubwa akaridhika, nami nikaandika ripoti safi kuhusu vilango vyangu.

Miaka mingi baadaye, mvi zikiwa zimeshaingia, nikaja kusoma kwamba utando mwembamba ulio ndani ya mshipa, ule aliokuwa akiusugua Mzee, si uchafu hata kidogo. Ndio unaotoa amri ya kulegea. Wengine waliugundua, wakasifiwa dunia nzima. Mimi niliuona kila Ijumaa, kisha nikaomba usuguliwe utoke.

Nilimtafuta Mzee kwake Kaloleni, amestaafu, akiwa kibarazani na kikombe cha kahawa. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kwa hiyo ile mishipa mlikuwa mnaitundika tu?"

"Tuliitundika, Mzee, na kuitazama."

Aliweka kikombe chini. "Subhanallah! Na mimi miaka yote nikijua mnaila, ila mnaona haya kusema. Ndiyo maana nilisugua."