Kigoda cha Dokta na Joho Lililomzidi Kimo

Saa tatu asubuhi, jua bado halijapandisha hasira, na Dokta Kigoda anamenya viazi jikoni kwa watu. Kisu si chake, viazi si vyake, na sufuria inayotokota pembeni haimhusu. Chake ni kigoda cha mbao alichokikalia, ambacho hukibeba begani ndani ya mfuko wa turubai kila aendako kikazi.

"Dokta, hilo ganda unalotupa lina kiazi kizima ndani yake," anamtania mwenye jiko, mke wa kinyozi. "Huko chuoni hawakuwafundisha kumenya?"

"Walitufundisha kuchoma sindano. Viazi havikutoka kwenye mtihani."

Mpita njia angedhani ni jirani aliyekuja kupiga soga. Kumbe mmenyaji huyu ni mhadhiri wa uuguzi wa jamii na familia kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo ni Jumatatu, na Ijumaa atapanda jukwaani kutoa mhadhara wake wa kwanza akiwa profesa kamili. Na haya maganda yaliyomjaa mapajani ndiyo utafiti wenyewe.

Uani, mwenye nyumba yuko kazini. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia mwaka jana, kwa hiyo mashine ya kunyolea ameishika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao maisha yake yote ulikuwa msaidizi tu. Mbele yake, shuka shingoni, amekaa mkwewe, mume wa binti yake wa pili.

"Baba, hapo nyuma ya sikio taratibu kidogo."

"Tulia. Ukitikisika nitakuachia njia ya panya."

"Njia ipo tangu wiki iliyopita, baba. Naona sasa unawajengea na kituo." Mkwe anamgeukia Dokta kwa macho tu, maana kichwa hakina ruhusa. "Mimi nilipewa binti kwa furaha na vigelegele. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja watazifuata nywele zangu."

Miezi michache nyuma, kinyozi huyu hakuwa akishika hata kikombe. Si kwamba alishindwa, hakuachiwa. Mkewe alimlisha, alimvisha, alimfunga vifungo, akamfukuzia hadi nzi.

"Nilimpenda mpaka nikamgeuza mto," anasimulia mama huyo huku akikoroga sufuria. "Namgeuza, namkung'uta, namrudisha mahali pake. Akinyoosha mkono kuchukua kitu, namwambia, pumzika, baba. Siku Dokta alipolisikia hilo neno alinitolea macho kama nimetukana."

Hapo ndipo ilipo kazi ya maisha ya Dokta Kigoda. Yeye hachunguzi dawa, wala hana maabara. Anachunguza nyumba: mgonjwa anaporudishwa kutoka wodini, nani anafanya nini, na nani ameacha kufanya nini. Katika familia sitini na kitu alizozifuatilia, amekuta jambo lilelile likijirudia. Ugonjwa huchukua nusu ya nguvu za mtu, kisha watu wanaompenda huja kuchukua nusu iliyobaki.

Ndiyo maana swali lake la kwanza ni moja, katika kila nyumba: kabla hajaugua, ni kazi gani ya hapa nyumbani ilikuwa yake?

Swali hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Alilipata kwa kuchapwa.

Katika utafiti wake wa mwanzo alikuwa akienda kwenye nyumba za watu amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, dodoso mkononi. Akifika, anakaribishwa sebuleni, anapangusiwa kochi, analetewa soda. Mgonjwa anatolewa chumbani ameoga, amepakwa mafuta, anang'aa kama bwana harusi. Akiuliza mambo yanaendaje, jibu ni moja: salama kabisa, hatuna shida. Akaandika ripoti nzima yenye habari njema. Kwa mujibu wa ripoti ile, mtaa mzima haukuwa na mtu aliyechoka.

Kisha siku moja akasahau mwavuli. Aliporudi kuufuata kesho yake bila taarifa, akapitia mlango wa nyuma, akamkuta mama wa nyumba ile ile ya "hatuna shida" amekaa sakafuni jikoni, anamenya vitunguu na kulia, na machozi hayakuwa ya vitunguu peke yake. Dokta akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akashika kisu. Siku hiyo, anasema, alijifunza zaidi ya alivyojifunza mwaka mzima.

"Ukikalishwa kwenye kochi, utapewa majibu ya kochi," ndivyo anavyowaambia wanafunzi wake tangu hapo. Ndoo ilimuumiza kiuno, akanunua kigoda. Wanafunzi wakampa jina, likaganda.

Wakubwa hawakukipenda kigoda hicho. Msimamizi wake wa zamani alimuuliza kama anasomea uzamivu au upishi. Majarida yalimrudishia makala zake, moja baada ya nyingine, na mhariri mmoja akasema haoni sayansi iko wapi kwenye masufuria hayo. Barua hizo amezibandika ukutani ofisini kwake, juu ya birika la chai. Anaziita barua za mapenzi.

"Mtu asiyekupenda hapotezi wino," anasema.

Hata hivyo, wiki hii kuna jambo moja linalomkereketa, na halina uhusiano na majarida. Anataka mama yake awepo ukumbini siku ya Ijumaa.

Mama huyo ni fundi cherehani. Ni yeye aliyesomesha watoto watatu kwa cherehani moja ya miguu, akishona sare za shule mchana na nguo za maharusi jioni. Karibu miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha, kikamlaza mkono wa kulia na kuuzorotesha mguu. Binti yake akamchukua nyumbani kwake, akampa chumba chenye dirisha kubwa, kitanda cha kupandisha na kushusha, na kiti cha magurudumu kilicho bora kuliko magari ya majirani. Lakini tangu siku hiyo mama hajavuka geti. Ulimi alibaki nao mzima, na unamtosha.

"Niende huko nikafanye nini?" alimjibu binti yake. "Nikakae mbele watu wanioneshe kwa vidole, mgonjwa wa profesa ndiye yule? Watu wa mji huu mimi ndiye niliyewapima viuno. Leo wanikalie wanipime mimi?"

Dokta alibembeleza. Mumewe, fundi wa majokofu, alibembeleza. Mama akageukia dirisha.

Sasa turudi jikoni, ambako viazi vimekaribia kwisha. Mke wa kinyozi, bila kukusudia shari yoyote, anauliza, "Na mama yetu kule kwako, Dokta, siku hizi kazi yake ni nini?"

Kisu kinasimama.

"Anapumzika," Dokta anajibu.

Mke wa kinyozi anaangua kicheko mpaka anashika ukuta. "Anapumzika! Si neno hilo ulilonikataza nisilitamke humu ndani?"

Kutoka uani, kinyozi anapaza sauti juu ya mngurumo wa mashine. "Kinyozi hajinyoi, Dokta!"

"Ndiyo maana anatunyoa sisi," mkwe anaguna.

Dokta Kigoda alicheka nao, akaaga, akaweka kigoda chake begani. Lakini njia nzima, kwa maneno yake mwenyewe, uso ulimwaka kama aliyepakwa pilipili. Alikuwa amemwogesha mama yake kwa kufuata kitabu, amemlisha kwa kufuata kitabu, na kwa muda wote huo hajamuuliza swali aliloliandika yeye mwenyewe kwenye kitabu.

Alipofika nyumbani alikuwa na furushi mkononi. Chuo kilikuwa kimempa joho la kuvaa siku ya mhadhara, joho lililoshonewa profesa aliyetangulia, bwana mrefu wa kubadilisha balbu bila ngazi. Kwa Dokta, lilikuwa likifagia sakafu. Alikuwa amepanga kulipeleka kwa fundi wa barabarani. Badala yake aliingia nalo chumbani, akalivaa, akasimama mbele ya dirisha.

"Mama, hili linanizidi. Nifanyeje?"

Mama akamtazama kuanzia chini kwenda juu, kisha akashuka tena.

"Nani kakuvisha pazia?"

"Chuo."

"Hicho chuo hakina kioo? Simama wima. Geuka. Usivute tumbo, nitakupima uongo." Macho yakatembea kwenye kitambaa. "Niletee pini. Si hizo zako za ofisini. Zangu zenye vichwa vya rangi, kwenye kopo la maziwa."

Kopo lilikuwa juu ya cherehani, na cherehani ilikuwa pembeni sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa chombo cha maua. Mama, aliyesukumwa hadi mlangoni na mkwewe, mume wa Dokta, aliliona hilo.

"Kumbe mmeifanyia mazishi na mashada mkaweka."

Mkwewe aliyaondoa maua kabla sentensi haijaisha.

Miguu haikuweza kukanyaga cherehani, kwa hiyo ilibidi pindo lishonwe kwa mkono, na mkono uliokuwepo ni wa kushoto. Joho likatandazwa mezani. Mama akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akautua juu ya kitambaa kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi zisipeperuke.

"Na wewe umelala vya kutosha," akauambia. "Shikilia hapo."

Sindano ilimchoma mara ya kwanza. Dokta akainuka. Ilimchoma mara ya pili, na Dokta alikwishanyoosha mkono kuipokea, mumewe akamvuta mkono wa gauni.

"Kaa kwenye kigoda chako," akamnong'oneza.

"Anajichoma!"

"Wewe mtoto," mama akasema bila kuinua macho, "nimejichoma sindano kabla hujazaliwa, na nikiwa nimekubeba tumboni, na siku uliyofaulu mtihani. Kama mikono inakuwasha, nenda kamenye viazi."

Ikabidi aende. Profesa mtarajiwa, bingwa wa kuwafundisha wengine kukaa na kutazama, alisimama jikoni kwake akimenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo. "Nimeufundisha ule ugumu miaka yote," anasema, "kumbe sijawahi kuuonja. Mikono inakuuma kwa kutofanya kitu."

Jumanne mama alishona, akafumua. Jumatano alishona tena, akitukana uzi kwa majina. Alhamisi jioni joho lilipimwa, likaishia juu kidogo ya vifundo vya miguu, mahali panapostahili.

"Ndani mishono imepinda," mama alionya.

"Ndani hapaonekani, mama."

"Mimi napaona." Akalipapasa pindo. "Tena kushoto hapo sikupaamini. Panaweza kufumuka ukiwa umesimama mbele za watu." Akavuta pumzi. "Itabidi niwepo."

Hakuna aliyethubutu kushangilia. Mkwewe alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia matairi ya gari, akaonekana dirishani akirusha ngumi hewani peke yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Walikuwepo wakubwa wa chuo, wauguzi waliotoka zamu na sare zao, na akina mama waliowahi kumenya viazi na Dokta. Kinyozi alikuja na mkewe na mkwe, ambaye kichwa chake kiligeuza shingo nyingi kuliko joho lolote. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa fundi cherehani aliyevaa gauni la kushonwa na mkono wake wa enzi zile, sindano yenye uzi mweusi imechomekwa kifuani kama nishani.

Waliomfahamu walimfuata kumsalimia. Hakuna aliyepata nafasi ya kumpa pole.

"Wewe umenenepa," alimwambia mmoja. "Na wewe, hilo gauni nani amekuharibia?"

Profesa alipopanda jukwaani, alifungua kinywa kuwasalimu wageni kwa vyeo vyao. Sauti ikatokea mstari wa mbele.

"Geuka kwanza!"

Mkuu wa chuo akatazama juu ya miwani yake. Na profesa mpya, mbele ya watu wote hao, akageuka mzunguko mzima, polepole, mikono imeinuliwa kidogo pembeni, kama msichana anayejaribu sare yake ya kwanza ya shule.

Mama akalikagua pindo kuanzia kushoto hadi kulia.

"Haya," akasema. "Endelea."

Vicheko na makofi vilichukua muda kupoa. Wapo wanaoapa kwamba mhadhara ulianza na kwisha hapo hapo, na yaliyofuata yalikuwa maelezo. Aliyatoa hata hivyo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alihesabu familia zake na kuongeza moja: yake.

Mpango wake sasa ni huu. Kuanzia muhula ujao, kila mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza atakabidhiwa familia moja yenye mgonjwa, na ataitembelea hadi amalize mwaka, bila sare na bila kochi. Chuo kimekubali, ingawa mhasibu bado anauliza kwa nini idara ya uuguzi imeagiza vigoda arobaini kwa seremala.

"Nataka muuguzi anayejua kuchoma sindano," anasema profesa, "na anayejua kuiacha mikononi mwa mwenyewe."

Mama yake naye ana mpango. Kiti chake cha magurudumu kimehamia barazani, karibu na geti, ambako wateja wanaweza kumfikia. Kazi ya kwanza ilikuwa joho la mkuu wa chuo, ambalo alilinyooshea kidole palepale ukumbini. Ya pili ni mito ya kukalia ya vile vigoda arobaini.

"Mbao tupu hazifai," anasema, akivuta uzi kwa meno, mkono wa kulia ukishikilia kitambaa. Ukitazama vizuri, kidole gumba cha mkono huo kimeanza kubonyeza. Binti yake ameshakiona tangu wiki iliyopita. Amekaa kwenye kigoda chake, mikono ameikalia.